Sheria Inakauka Uani

Siku ile mjinga alikuwa Heritier. Tusizunguke. Yeye mwenyewe husema hivyo, tena husema akicheka, maana mtu aliyeingia Kampala kutoka Butembo na kiatu cha mguu mmoja hawezi kuumizwa na neno dogo kama hilo. Alikwisha kuitwa mabaya zaidi kwa lugha nne, na kwa mbili kati ya hizo aliitikia "asante" kabla hajajua maana.

Kazi yake ilikuwa kukata karatasi. Pale Wandegeya, kwenye duka la uchapaji linalotazamana na hosteli, wanafunzi walikuja wakihema na tasnifu zilizochelewa, mwenye duka akachapa, Heritier akanyoosha kingo kwa kisu chake. Kilikuwa kisu kifupi chenye makali ya wembe, wala hakikutoka mfukoni mwake hata siku ya ibada. Na Jumapili alikuwa na kazi nyingine. Kanisani kwao mchungaji alihubiri kwa Kilingala kilichochanganywa na Kifaransa, na Heritier alisimama ubavuni pake akigeuza kila sentensi kuwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa Beni na Butembo. Aligeuza na kutia chumvi. "Mchungaji akikauka, miye ninamwagilia," alijisifu kwa yeyote aliyemsikiliza. "Siku zingine watu wanalia kwa maneno ambayo yeye hata hakuyasema."

Lakini ukimwuliza yeye ni nani, hakutaja karatasi wala kanisa. "Mimi ni shabiki," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mimi ni daktari.

Shabiki wa hip-hop, ile isiyopigwa redioni. Mwaka ule redio zilijaa nyimbo za mapenzi na za simu za mkononi, na waimbaji wake walikuwa na mabosi na mabango. Vijana wa Heritier hawakuwa na bosi. Biti zao zilitengenezwa hosteli, kwenye kompyuta ileile iliyoandikia tasnifu, godoro likiegemezwa ukutani ili jirani anayekaanga mayai asiingie kwenye wimbo. CD waliziuza kwa mkono, mtu kwa mtu, kama nyanya. Na vifuniko vya CD zile alivichapa Heritier, kwa mabaki ya kadi za harusi ambayo mwenye duka angeyatupa. Ndiyo maana rapu kali kuliko zote mjini ilikuwa na ua la dhahabu pembeni. Kijana alirapu habari za kunyang'anywa ndizi zake barabarani na kutupwa kwenye pikapu. Ukigeuza kifuniko unakuta njiwa wawili wanabusiana. Heritier hakuona kasoro. "Maisha iko vile," alisema.

Wote aliwapenda, lakini imani yake yote aliiweka kwa Anena.

Anena alikuwa binti wa Sajini Olal, amelelewa kwenye kambi ya polisi, na sasa anasomea ualimu Kyambogo. Alirapu kwa Kiswahili. Hebu fikiria: Kampala, mji ambao wazee wake wengi wamekijua Kiswahili kama lugha ya mtu mwenye bunduki, lugha unayoisikia mlangoni ukaanza kutafuta dirisha. Anena alikichukua Kiswahili hichohicho cha kambini, cha amri na matusi, akakivua buti, akakikalisha jikoni kikamenya viazi. Wimbo wake mkubwa ulianza kwa sauti ya baba yake akiwa kazini, kisha ukaingia nyumbani:

*Kombati ya baba ni moja, Jumamosi iko kwenye maji,*
*Sajini kajifunga kitenge cha mama, hataki mtembeleaji.*
*Mwizi akipita salama, msimlaumu jamani,*
*Sheria ya nchi inakauka, iko kambani uani.*

Mara ya kwanza kuusikia, Heritier alicheka hadi akakaa kwenye matope. Kwao alikotoka, mwenye kombati hakuwahi kuwa mtu wa kuchekwa. Alikimbiwa, alipewa mbuzi, alipewa njia. Hapa binti mdogo alikuwa amemvisha kitenge na kumkalisha uani asubiri jua kama watu wengine. Tangu siku hiyo Heritier aliujua kila ubeti wa Anena kwa moyo. Hata daftari lake alilijua, na kosa moja tu aliliona humo, kosa ambalo jicho la mkata karatasi haliwezi kulivumilia: kila baada ya mistari miwili Anena aliacha nafasi tupu.

"Unapoteza karatasi, mdogo wangu," alimwambia siku moja.

"Siipotezi," Anena alijibu, akaendelea kuandika. Heritier angeuliza swali moja zaidi, hadithi hii isingekuwepo.

Basi. Vijana wale waliimbia kwenye kibanda cha vidio cha Hajati Safinah, nyuma ya soko la Wandegeya: mbao, mabati, kitambaa cheusi mlangoni, mabenchi kumi na mawili na runinga moja ndani ya kizimba cha chuma kama mfungwa. Hajati aliwapa Jumamosi tatu za majaribio, saa nane hadi saa kumi, kabla ya mpira. Jumamosi mbili za kwanza mabenchi yalikaliwa nusu. Hajati, mwanamke mnene asiyepaza sauti, alimwita Heritier pembeni.

"Wewe Mukongo, mimi sina ugomvi na hip-hop. Lakini watu wa kungfu wanakuja na wanakaa mpaka mwisho. Jumamosi hii nikiona benchi tupu, kungfu inarudi. Umesikia?"

"Hajati, Jumamosi hii utakosa pa kukaa wewe mwenyewe."

Na hilo hakulisema kwa mdomo tu. Alichapa matangazo kwenye kila kipande cha karatasi kilichodondoka mezani wiki ile, akabandika kutoka soko hadi barabara kuu, akayagawa kwa wauza soksi, wauza miwani, wauza mikanda. Mwaka ule mji ulikuwa ukisafishwa kwa ajili ya wageni wakubwa, na wachuuzi walikuwa wakifukuzwa mitaani kila kukicha. Heritier aliwaambia kwamba kibandani kuna kivuli, kuna mabenchi, na hakuna wa kuwafukuza.

Tena aliazima kinasa sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake tamu. Angeirekodi siku ile, mubashara, iwe CD ya kwanza ya Anena. Vifuniko vilikuwa tayari, mia mbili, vimekatwa kingo moja moja, na juu yake, chini ya ua la dhahabu: ANENA — SAUTI PEKE YAKE.

Kikwazo kilikuwa kimoja, na jina lake Ssebbowa.

Asiyekijua kibanda cha Kampala aelezwe. Filamu pale haitazamwi kimya. Kuna mtu anayekaa pembeni ya runinga na maiki yake, akiigeuza kwa Kiganda papo hapo, akiwapa mabondia wa Hong Kong majina ya mitaa ya mjini na kuwasemesha mambo ambayo mama zao hawakuwahi kuyasikia. Mtu huyo kwa Safinah alikuwa Ssebbowa. Asubuhi aliuza mananasi soko la Nakasero, mchana alitafsiri. Na kwa kuwa maiki ilikuwepo na yeye yupo, tangu Jumamosi ya kwanza alimtafsiri Anena pia, kama anavyotafsiri chochote kinachosogea mbele ya mabenchi yale.

Siku ile, muda mfupi kabla ya saa nane, Heritier alimkuta akipanga mabenchi.

"Mzee Ssebbowa, leo pumzika. Leo tunarekodi."

"Mimi sijachoka, ssebo."

"Hujanielewa. Hip-hop haitafsiriwi. Ni sauti ya mtu na biti yake. Ukiingiza maneno katikati, unaharibu."

Ssebbowa aliweka benchi chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Hii binti anaimba Kiswahili. Watu yangu inasikia Kiganda. Sasa wewe unataka wakae hapa waangalie mdomo inafunguka na kufunga, kama samaki?"

"Muziki utawaingia wenyewe."

"Banange! Utaingia na mlango gani?"

Heritier aliona hapa pana mtu mzima asiyefundishika. Na Ssebbowa alipotoka kwenda kunawa, Heritier alipiga magoti nyuma ya spika, akatoa kisu chake, akaukata waya wa maiki ya Ssebbowa. Aliukata vizuri, kingo zimenyooka.

Saa nane mabenchi yalijaa. Yalijaa kweli! Wanafunzi mbele, vijana wa boda boda katikati, na nyuma wachuuzi na mizigo yao magotini, soksi, miwani, mikanda, wengi wao hawajawahi kukanyaga pale. Hajati Safinah alisimama mlangoni kwa sababu hakika hakuwa na pa kukaa. Heritier alimkonyeza. Akabonyeza kinasa sauti, taa nyekundu ikawaka, moyo wake ukajaa kama kikapu cha sadaka siku ya mavuno.

Biti ikaanza. Anena akatoka, shati jeupe la mwanafunzi wa ualimu, nywele fupi. Akavuta pumzi na kuachia sauti ya baba yake, nzito, ya kambini:

"Kaa chini! Wote! Mikono kichwani! Kitambulisho iko wapi?"

Kisha akanyamaza.

Jumamosi zilizopita, katika ukimya ule ndimo Ssebbowa alimorukia: tulieni ndugu zangu, huyu ni baba mtu tu, anatafuta suruali yake. Watu wakacheka, Anena akaendelea. Leo Ssebbowa alifungua kinywa kwenye maiki, maiki haikusema kitu. Akaigonga. Kimya. Akaangalia chini, akaufuata waya kwa macho hadi ulipoishia, hewani.

Na kule nyuma, mchuuzi wa mikanda alikuwa amesikia alichosikia. Kiswahili cha amri, katika mwaka ule, ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Hakungoja mstari wa pili. Alipiga teke ubao wa ukuta, ukatoka, naye akatoka nao. Wa soksi akafuata, wa miwani akafuata, kisha benchi zima likasimama kama mtu mmoja. Kijana wa boda boda aliyekuwa katikati alikwenda kuangalia pikipiki yake, na wenzake wanne wakaenda kumsaidia kuiangalia.

Anena hakukimbia. Aliendelea na ubeti. *Kombati ya baba ni moja...* Mistari miwili, kisha kimya. Mistari miwili, kisha kimya. Na Heritier, aliyezijua beti zile kwa moyo, alisikia kwa mara ya kwanza kile kilichokuwa katikati yake. Nafasi. Zilezile nafasi tupu za kwenye daftari. Hakuwa amepoteza karatasi yule binti. Kila nafasi alikuwa ameipima kama mshonaji anavyopima tundu la kifungo, upana wa pumzi moja ya Ssebbowa na kicheko kimoja cha watu. Mistari yake ilijengwa ipande juu ya kicheko kile. Leo ilipanda juu ya hewa, ikaanguka.

"Mukongo," Hajati Safinah alisema kutoka mlangoni, polepole. "Ninaona benchi tupu."

Hapo ndipo Heritier alipoongeza ujinga wa pili juu ya wa kwanza. Aliruka nje kuwafuata wachuuzi. "Rudini! Simameni! Si polisi! Simameni nawaambia!" Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, kwa Kiswahili, akikimbia, na kisu, alichokichomoa bila kujijua, kiko mkononi. Waliokuwa wakitembea haraka sasa walitimua mbio. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye hakuwa hata ameingia kibandani, alijitwika beseni lake akawatangulia wote.

Alirudi akihema. Ssebbowa alikuwa ameketi nje kwenye kreti, anakula kipande cha nanasi bila haraka yoyote.

"Mzee. Tafadhali. Waite."

"Mimi?" Ssebbowa alitema nyuzi. "Mimi ni mtafsiri tu. Tena nimeharibika. Nimekatika waya."

"Nimeukata miye."

"Nini?"

"Nimesema nimeukata miye."

"Sema na sauti kubwa kidogo, ssebo. Hajati hasikii vizuri."

"NIMEUKATA MIYE!" Heritier akapaza, hadi wanafunzi wakachungulia. "Miye nilikata waya. Mjinga ni miye. Sasa waite, mzee, la sivyo Jumamosi imekufa."

Ssebbowa alimaliza nanasi lake lote. Akajifuta mdomo. Akapanda juu ya kreti, akazungushia viganja mdomoni, na ile sauti iliyouza mananasi Nakasero miaka ishirini, sauti isiyojua umeme ni nini, ikaruka juu ya mapaa ya soko. Heritier hakuelewa Kiganda chake chote, lakini alielewa cha kutosha: kwamba ndani ya kibanda hiki kuna sajini wa polisi asiye na suruali, amefungwa kitenge cha mke wake, na anayetaka kumwona aje sasa hivi kabla nguo haijakauka.

Hakuna aliyewahi kukimbia kuelekea polisi Wandegeya kama siku ile. Mchuuzi wa mikanda alirudi kupitia tundu lake mwenyewe. Wa boda boda walirudi na abiria. Mama wa ndizi aliingia na beseni, akakaa mbele, akawafunika wanafunzi wawili.

Maiki ilikuwa moja tu sasa, na waya wake mfupi. Ikabidi Anena na Ssebbowa wasimame bega kwa bega, wakinyang'anyana maiki mistari miwili miwili. Anena alitupa: *Sajini kajifunga kitenge cha mama.* Ssebbowa akaipokonya maiki na kueleza rangi ya kitenge, bei yake, na jinsi kilivyombana kiunoni. Kabla kicheko hakijafika chini, Anena alikuwa tayari juu yake na mstari unaofuata. Na walipofika kwenye sheria ya nchi inayokauka kambani, Ssebbowa hakutafsiri kitu. Alijifanya tu anaigusa nguo kwa vidole viwili, akatikisa kichwa: bado mbichi. Kibanda kizima kilisimama. Mchuuzi wa mikanda alikuwa analia machozi, amemshika bega kijana asiyemjua. Heritier, amebanwa ukutani karibu na ubao uliotoka, aliona watu mia wakimcheka mwenye kombati kama alivyocheka yeye kwenye matope, na akajisikia tajiri.

Kinasa sauti kilikuwa bado kinawaka taa nyekundu. Kilikuwa kimemeza kila kitu: ubao uliopigwa teke, "rudini simameni", nanasi, yote.

Watu wa mpira walipoanza kuingia, Hajati Safinah alikuja akiwa ameshika ule ubao. "Utaupigilia misumari wewe," alimwambia Heritier. "Na waya utaununua wewe." Akageuka kuondoka, kisha akasema bila kuangalia nyuma, "Jumamosi ni yenu. Kungfu atapigana Jumatatu."

Sasa ungedhani mtu aliyefundishwa somo zito hivyo atanyamaza. Humjui Heritier. Walipokaa watatu kwenye mabenchi ya nje, Anena akiwa na soda, Ssebbowa na nanasi jingine, Heritier alifungua boksi na kumpa Anena kifuniko kimoja. Anena alikisoma. Akakigeuza, akawaangalia njiwa.

"Kizuri, kaka. Ongeza jina la Ssebbowa."

"Nafasi haiko."

"Iko. Hapa, pembeni ya ua."

"Sikiliza, mdogo wangu," Heritier alisema kwa upole wa mtu mwenye hakika. "Leo amefanya vizuri. Nimekubali, hata nimepiga kelele mbele ya watu. Lakini kwenye CD tutamkata, tubaki na sauti yako. Msanii ni mmoja. Maneno ni yako, maisha ni yako, baba ni wako. Mtafsiri anasaidia tu siku ile, halafu anakwenda nyumbani. Yeye hana jina kwenye kifuniko. Hiyo ndiyo hip-hop."

Ssebbowa alimenya nanasi, akamwangalia Anena kama anayesubiri zamu.

Anena alikunywa soda yake hadi tone la mwisho, akaiweka chupa chini.

"Sawa, kaka Heritier. Kesho kanisani wewe ukae kwenye benchi, unyamaze, mchungaji ahubiri peke yake. Jioni uje uniambie wangapi wameokoka."